Kemia ya Mdomo

Binti wa fundi cherehani hakwenda kule kwa wito. Hata leo ukimuuliza atakwambia bila kupepesa macho: alifuata nafuu. Alikuwa amesomea ualimu wa kemia chuo kikuu kwa mkopo, na mkopo ule ulimkaa shingoni kama kongwa. Ndipo serikali ilipotangaza kwamba mwalimu wa sayansi atakayekubali kufundisha miaka mitano kwenye shule zilizokosa walimu atafutiwa deni lote, na juu ya mshahara atapewa posho ya mazingira magumu.

Kaka yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani unajipeleka jela kwa miguu yako mwenyewe?"

"Jela ya miaka mitano ina mlango wa kutokea," binti akamjibu. "Deni halina."

Baba yao, mtu wa maneno machache, hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mwacheni aende. Nguo hujui imekukaa vipi mpaka uivae."

Alifika kwa lori la saruji, nywele zimegeuka mvi kwa vumbi. Mkuu wa shule, mzee mwembamba aliyefundisha historia, lugha, na wakati mwingine hata hesabu alizojisomea asubuhi hiyo hiyo, akampokea begi kwa mikono miwili. Akamwonyesha nyumba: chumba na sebule, dirisha moja lenye kioo na jingine lenye ubao. Kisha akamwonyesha maabara. Mlango ulifunguliwa kwa bega, maana ufunguo ulikwisha potea. Ndani viti vibovu vilirundikwa hadi kufika dari, masinki yalikuwa makavu kama mfupa, na kwenye kabati kulipangwa chupa ambazo lebo zake zimeliwa na wadudu.

"Mwalimu wa mwisho wa kemia aliondoka lini?" akauliza.

Mkuu alikuna kidevu. "Hawa wa darasa la mwisho walikuwa bado shule ya msingi."

"Sasa kemia wanafanyaje?"

"Wanafanya," alisema mkuu, na hapo akatabasamu kidogo. "Utaona mwenyewe."

Asubuhi yake binti wa fundi alibeba chaki na moyo mzito. Alikwisha kuamua ataanzia sifuri kabisa, maada ni nini, kama anayefundisha watoto wadogo. Alipokaribia darasa akasikia sauti ikifundisha. Akadhani amekosea mlango. Akasimama pembeni ya dirisha kusikiliza.

Ubaoni alikuwepo msichana mrefu, sweta limemfupia mikononi. Wenzake walimwita Profesa, naye alikuwa anaeleza jinsi magnesiamu inavyoungua. Hakuwa na kitabu mkononi.

"Inatoa mwanga mweupe mkali," alikuwa akisema. "Usiutazame moja kwa moja, utaumiza macho. Ukiisha, kinabaki nini?"

"Majivu meupe!" darasa likaitikia.

"Majivu hayo ni nini?"

Wakamjibu. Wakasawazisha na mlinganyo wake, kwa sauti, kama watu wanaoimba wimbo wa nyumbani kwao. Mwalimu pale dirishani alisahau kuwa ni zamu yake kuingia.

Alipoingia, wote walisimama. Profesa alirudisha chaki mezani haraka, kama mwizi aliyeshikwa.

"Nani amekufundisha hayo?" mwalimu akauliza.

"Dada zetu wa mwaka jana, Madamu."

"Na wao?"

"Waliowatangulia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Tangu mwalimu wa mwisho aondoke, kila darasa la mwisho lilikuwa linawafundisha wanaofuata. Kitabu kilikuwa kimoja, kimekwisha pukutika jalada na sura nzima ya mwanzo, na sura ile waliihifadhi vichwani wakapokezana. Hakuna aliyewaagiza. Kwenye daftari zao kulikuwa na mchoro wa bureti, lile bomba refu la kioo la kupimia kimiminika. Kwa kuwa kila mwaka watu walinakili kutoka kwa wenzao, stendi ya bureti ilikuwa imebadilika kidogo kidogo mpaka ikaota miguu mitatu yenye nyayo. Mwalimu alicheka kwanza. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na darasa nalo likacheka bila kujua sababu. Kisha akagundua kwamba machozi hayakomi na kicheko kimekwisha. Aligeukia ubao, akajifanya anafuta.

Yeye alisoma kwenye maabara zenye gesi na maji ya bomba, na mara ngapi alipiga miayo humo! Hawa walikuwa wameitunza elimu kama kaa la moto linalobebwa kiganjani, kutoka mkono hadi mkono, na halikuzimika.

Wikiendi hiyo yeye na wanafunzi walitoa viti vya maabara nje, wakafagia, wakaosha kabati. Nyuma ya chupa mwalimu alikuta kopo lenye utepe wa magnesiamu, umeshika weusi kwa uzee. Akaukwangua kwa wembe hadi ukang'aa. Hakumwambia mtu, maana aliogopa usingewaka, akawavunja moyo.

Jumatatu, humo maabara, aliwasha mshumaa mbele ya darasa, akashika kipande cha utepe kwa koleo, akakiweka kwenye ncha ya moto. Hakikuwaka. Mtu akakohoa. Mwalimu akakisogeza kidogo juu, akasubiri.

Mara ikawa mchana ndani ya mchana. Kila uso ulipauka, kila ufa wa ukuta ukaonekana, vivuli vikaruka hadi kona za chumba. Watoto hawakupiga kelele. Walitulia kwa ukimya ule wa watu walioingia mahali patakatifu, mikono machoni, vidole vimeachana kidogo.

Aliyepiga kelele ni mpishi wa shule. Aliuona mwanga dirishani akadhani maabara inaungua, akaja mbio na ndoo ya maji, kanga ikimdondoka.

"Moto! Watoto wangu, tokeni!"

Kabla mwalimu hajafungua kinywa, darasa zima likamgeukia mpishi kwa sauti moja: "Usimwage maji, mama! Magnesiamu haizimwi kwa maji! Itazidi!"

Mpishi alisimama, ndoo hewani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona magnesiamu kabla ya siku hiyo. Mwalimu akawatazama mmoja mmoja, kinywa wazi, akasahau koleo mkononi.

Mwanga ulipokufa, majivu meupe yalianguka juu ya kigae kilichowekwa mezani. Profesa alisogea, akayagusa kwa ncha ya kidole baada ya kuuliza kama yamepoa. Akakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kweli," alisema polepole.

Miaka yote ile alikuwa ameamini bila kuona.

Tangu siku hiyo mwalimu aliitwa Madamu Kiberiti, na jina likamganda. Maisha hayakugeuka asali. Mvua zikinyesha barabara ilikatika, mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya choo cha walimu, na alilia mara nyingi kwa upweke. Walimu wengine mjini walisema wenzao wa mpango ule wanafuata hela. Ni kweli walifuata. Mkuu wa shule aliposikia maneno hayo alisema, "Na mimi nimefurahi zilikuwepo za kufuata. Njia iliyokuleta siitukani." Profesa alifaulu; siku hizi anasomea uhandisi wa maji, na hupiga simu kumuuliza Madamu maswali magumu kuliko anayoweza kuyajibu.

Mwaka wa tano ulipokwisha, ujumbe uliingia simuni: deni limefutwa. Madamu Kiberiti alikuwa juu ya kichuguu. Akampigia baba yake. Cherehani ilisikika ikinguruma, kisha ikanyamaza.

"Alhamdulillahi," mzee akasema. Akavuta pumzi. "Kwa hiyo unarudi lini, mwanangu?"

Alikwisha kulipanga jibu tangu mwaka wa kwanza. Lakini maneno yaliyomtoka yalimshangaza yeye mwenyewe. "Baba, darasa liko katikati ya asidi na besi. Siwezi kuliacha hapo."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Basi imekukaa," akasema, na cherehani ikaendelea.

Hajaondoka bado. Mwaka uliofuata aliletwa mwalimu wa biolojia kwa mpango ule ule, jamaa mrefu, mpole, anayeogopa vyura. Madamu Kiberiti ndiye aliyekwenda kumpokea barabarani. Alimwonyesha nyumba, kisima, na mahali pa kusimama ili simu ishike. Jamaa akauliza kwa wasiwasi watoto wa huku wakoje.

"Kaka," akamjibu, "jiandae vizuri kabla hujaingia darasani."