Niliifunika Taa Nyekundu kwa Plasta

Nimekosa, na sijui nimekosa kiasi gani. Hilo ndilo linaloniogopesha! Mtu akiiba mbuzi anajua ameiba mbuzi. Mimi mpaka leo sijui nilichukua nini, wala kwa nani.

Naandika haraka kabla moyo haujabadilika. Jina langu usiniulize. Lodwar, kule Turkana, kila mtu anamjua mwenzake, na mimi walinizoea kwa jina la Mama Maji. Hilo linatosha.

Nilitoka Kitale kumfuata mume wangu, mwalimu. Alipohamishwa tena yeye akaondoka, mimi nikabaki na kisima tulichokuwa tumechimba. Maji yake nikaamua kuyasafisha, kuyatia kwenye chupa na kuyauza Lodwar na Kakuma. Sikuanza kwa ujanja. Niamini hapo tu, maana mbele sina la kujitetea.

Watu wanadhani ile alama ya ubora kwenye lebo unaenda tu kwa mchapishaji na kumwambia akuwekee. Thubutu! Mkaguzi wa serikali alikuja kutoka Eldoret, mtu mkimya asiyecheka ovyo. Akakagua sakafu, mfereji wa maji machafu na vyeti vya afya vya wafanyakazi. Akamwambia Akai, mama aliyekuwa akituoshea chupa, anyooshe mikono amwangalie kucha. (Akai si jina lake, nimelibadilisha.) Kisha akajichukulia chupa mwenyewe kutoka kwenye mashine, si zile nilizokuwa nimempangia vizuri mezani. Akazifunga kwa lakiri, zikaenda maabara.

Mara ya kwanza tulianguka. Chumvi nyingi. Nililia, nikanunua chujio jingine, mkaguzi akarudi, akachukua chupa nyingine, tukapita. Siku kibali kilipofika Akai alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

"Sasa kucha yangu iko kwa serikali," akasema, tukacheka sana.

Lakini mkaguzi alikuwa ameniambia neno nikimsindikiza kwenye gari lake. "Mama, mimi nimeona siku moja tu. Zile zingine ni zako. Pima maji yako mwenyewe. Na ujue siku yoyote tunaweza kununua chupa yako dukani bila kukuambia." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto anayetaka kuachiliwa akacheze.

Ikaja kampeni ya uchaguzi wa 2013. Kila mgombea alitaka chupa za kupanga mezani mbele yake. Tulifanya kazi mpaka mikono ikachubuka. Na katikati ya hayo, mashine ikaanza kulia.

Ndani ya ile mashine kuna taa ya kuua vijidudu maji yanapopita. Huioni, imo ndani ya bomba la chuma. Nje unaona kitaa kidogo tu: kijani, ile ya ndani ni nzima; nyekundu, imekufa. Yangu ikawa nyekundu, na mashine inalia pii, pii, pii, kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake.

Fundi akasema taa mpya itoke Nairobi, na nisimamishe kazi mpaka ifike. Nisimamishe? Wakati ule? Nikachomoa waya wa kile kilio. Halafu nikachukua plasta ya kidonda, nikaibandika juu ya kitaa chekundu.

Akai akaiona. "Mama, mashine imeumia?"

"Imechoka macho tu," nikamjibu. Tukacheka tena. Mungu wangu, tulicheka!

Nilijiambia ni kwa muda mfupi. Alama tulikuwa tumepewa tayari, maji yalikuwa yaleyale, na hakuna aliyelalamika. Uchaguzi ukapita. Ile taa nikaacha hata kuiagiza.

Hofu ilikuwepo, usidhani haikuwepo. Mgeni akishika chupa yangu na kugeuza lebo, naondoka hapo upesi. Siku moja nilijificha nyuma ya magunia ya mahindi dukani kwa sababu ya mwanamume aliyekuwa akiisoma chupa kwa makini. Kumbe ni mchungaji, alikuwa anatafuta tarehe! Niliogopa mtu wa kunikamata. Mtu wa kunywa sikumhofia. Ona ujinga wangu!

Mvua ziliponyesha na laga, ile mito mikavu ya msimu, zikajaa, watoto wengi wakaanza kuharisha. Akai akaniomba ruhusa, mjukuu wake alikuwa amelazwa Kakuma. Nikampa. Baadaye kidogo nami nikaenda Kakuma kupeleka katoni kwa Abdi, mwenye duka aliyekuwa akiniuzia maji yangu.

"Mama Maji! Wallahi umechelewa," Abdi akanipokea. "Maji imekwisha. Watu ya hospitali wanabeba yote."

"Hospitali? Ya nini?"

"Wanachanganya na dawa ya kuhara. Mtoto mgonjwa hapewi maji ya mtungi, mama. Anapewa hii yako."

Nikamwachia katoni hapo mlangoni, nikaenda hospitali karibu nikikimbia.

Sitaisahau ile wodi. Kando ya karibu kila kitanda kulikuwa na chupa yenye lebo ya bluu. Yangu! Yangu, yangu, yangu, mpaka dirishani.

Akai akainuka kwa furaha, akanisalimia kwa Kiturkana. "Ejoka, mama! Umekuja kuona sisi!" Akanishika mkono, akanionyesha chupa yake. "Daktari alisema maji safi. Mimi nikasema nanunua yetu, hii iko na alama. Hawa wamama walikuwa wanaleta maji ya mtungi, nikawaambia wachana na hiyo. Mimi nilikuwa hapo serikali akikuja. Hata kucha yangu aliona!"

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo mama ambaye bado ni msichana, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, hajui Kiswahili. Akai alikuwa amemfundisha kwa ishara anunue maji yetu. Yule msichana alikuwa akiyachota kwa kijiko na kumtilia mtoto mdomoni. Mtoto macho yalikuwa yamezama ndani.

"Usimpe!" nikapiga kelele.

Wodi nzima ikageuka. Muuguzi akaja. "Kuna nini, mama?"

Maneno yalikuwa mafupi tu. Taa imekufa. Yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikamtazama Akai, alivyonishika mkono mbele za watu kwa fahari, nikasema, "Haya... yamekaa juani sana. Yameharibika."

"Jua la Kakuma linachoma kila kitu," muuguzi akasema. Akainua chupa. "Si iko na alama? Basi." Akaenda zake kwa wagonjwa wengine.

Kama ningesema ukweli, wangeyachemsha yote palepale. Sufuria moja na jiko, basi! Lakini nilisema jua.

Akai alinitii, akamwaga yake. Yule msichana nilijaribu kumpokonya chupa. Aliona mwanamke mgeni anamnyang'anya maji ya mtoto wake aliyoyanunua kwa shida, akaificha mgongoni na kuanza kulia. Nikakimbia kwa Abdi, nikanunua maji ya kampuni nyingine, nikamletea. Akayaweka chini ya kitanda bila kuyafungua. Akaendelea na yangu, kwa sababu Akai ndiye aliyekuwa amemwambia ni mazuri.

Asubuhi niliporudi, mjukuu wa Akai alikuwa ameketi, anakula uji. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Godoro limekunjwa.

Sikuuliza. Huenda waliruhusiwa kwenda nyumbani. Huenda walihamishwa. Muuguzi alinipita mlangoni karibu tugongane, nami sikufungua mdomo. Akai naye sikumuuliza.

Najua utasema watoto waliingia hospitali wakiwa wagonjwa tayari, kwa maji ya laga. Najiambia hivyo kila siku. Lakini sikupima hata chupa moja. Niliogopa kujua! Katoni zilizobaki nilizikusanya, maji nikayamwaga mchangani, nikafunga kiwanda. Watu nikawaambia mume ameniita. Mkaguzi hakuja kamwe. Nilifika mahali pa kumtamani aje.

Nilipokwenda kumuaga Akai, mjukuu wake alikuwa mlangoni anakunywa maji. Ndani ya nyumba kulikuwa na chupa zangu tupu alizoziokota, amezipanga vizuri ukutani, zote zimejazwa maji ya mtoni.

"Akai, chemsha hayo maji," nikamwambia.

Akanicheka. "Mama, umesahau? Chupa hii si ndiyo ile ya alama?"

Nikamkumbatia nikaondoka. Ndiyo, niliondoka! Sasa niko mbali, na kila mtoto akilia usiku kwa majirani najikuta nimekaa kitandani.

Wewe unayetengeneza chochote cha kuliwa au kunywewa, ukishapata alama usidhani umemaliza. Yule mtu wa maabara hayuko na wewe kila siku. Mashine ikikulilia, simamisha. Usitafute plasta!

Na wewe unayesoma hapa ukiwa Lodwar au Kakuma, ukikuta chupa kuukuu yenye lebo ya bluu, ichane. Ukimkuta mama mtu mzima anayekusifia ile alama na kukuonyesha kucha zake, huyo ndiye. Hajui kusoma, msomee haya yote. Mimi nilishindwa. Mwambie Mama Maji anasema taa ilikuwa imekufa.