Kiungio cha Mzee Risasi

Walimwita Mzee Risasi, na wala hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Alikuwa fundi bomba. Zamani, mabomba ya maji machafu yalipokuwa ya chuma kizito, viungio vyake vilizibwa kwa risasi, yale madini laini ya kuyeyusha motoni, na mjini kote hakuna aliyeyamimina kama yeye. Unasokomeza katani kwenye mdomo wa bomba, unaigongagonga mpaka ishibe, unamimina risasi ya moto kwa mkupuo mmoja, halafu unaishindilia kwa patasi. Ukisita katikati, umeharibu. Yeye hakusita. Viungio vyake vingine vina miaka arobaini na havijatoa hata jasho.

Plastiki ilipoingia, aliichukia waziwazi. Binti yake wa pili, aliyeisomea kazi mikononi mwake, ndiye aliyeipokea hiyo plastiki, na kwa hilo walinuniana karibu mwaka mzima. Mzee alimwambia mbele za wateja kwamba hiyo ni mirija ya kunywea soda. Kumsifu? Thubutu. Huyo hakuwa mzee wa kusifu mtu, sembuse mwanawe.

Sasa binti ana miaka arobaini na moja, kazi ni yake, na mzee ndiye anayemfuata nyuma na mkoba wake. Na akili za mzee, jamani, zilikuwa zinaondoka kidogo kidogo. Leo anasahau jina la jirani, kesho anasahau njia ya kurudi nyumbani. Kaka mkubwa wa familia akasema imetosha: mkoba wa kazi uchukuliwe, baba akae ndani, asije akawaunguzia watu nyumba. Binti akagoma. Alijua baba yake akinyang'anywa kazi hatamaliza mwaka.

"Anasahau majina tu, kaka," alisema. "Mikono yake haisahau."

Wakabishana mpaka wakachoka, kisha wakaafikiana. Binti ampe mzee kiungio kimoja akifanye peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Kikikaa sawa, mkoba unabaki. Kikiharibika, jioni kaka anakuja kuuchukua.

Kazi ilikuwa kwa nesi mmoja mstaafu, bafuni. Binti alikata chuma kilichooza, akabakiza mdomo wa bomba la zamani unaotokeza sakafuni, akausugua mpaka ukatakata. Kilichobaki kilikuwa chepesi mno. Pete nene ya mpira inakaa ndani ya ule mdomo wa chuma, unaipaka sabuni, unasukuma bomba jipya la plastiki katikati yake mpaka libane. Basi. Hakuna moto. Alimweleza mzee mara mbili, na mara ya pili mzee akamkaripia kwamba yeye si mwanafunzi wa mtu. Binti alifurahi kukaripiwa. Hiyo ndiyo sauti aliyokua nayo.

Nesi alipomwita jikoni kutazama koki inayodondosha, akaenda makusudi. Fundi mzima hasimamiwi kama mwizi. Mkoba nao hakuupekua, ingawa roho ilimwambia apekue, kwa sababu mkoba wa baba haupekuliwi na mtoto. Hapo ndipo alipokosea, na nani atamlaumu?

Alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akakimbia. Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba, upawa wa chuma mkononi, jiko dogo la gesi likinguruma pembeni yake. Pete ya mpira ilikuwa sakafuni, haikuguswa. Katani alikuwa ameisokomeza vizuri ajabu, imejaa sawasawa pande zote, kazi ya mtu asiyebahatisha. Risasi alishaimimina, tena kwa mkupuo mmoja. Bomba jipya lilikuwa limelegea na kujikunja kama mshumaa, na moshi umetanda bafu zima.

Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Mikono haikusahau kitu, na hicho ndicho kilichomuumiza binti kuliko yote. Ilikumbuka kila hatua ya miaka arobaini. Mwenyewe ndiye aliyekuwa hajui tena kwamba miaka hiyo imekwisha pita.

Alizima gesi, akafungua dirisha, akamkagua baba yake vidole kimoja kimoja. Hakuwa ameungua. Mzee alilitazama lile bomba kwa muda, na aibu ikamjaa usoni, maana kuharibu kazi alikujua bado. Akainuka kwa taabu. Akavua kofia mbele ya mwanawe, kwa adabu yote ya fundi aliyeharibu nyumba ya watu.

"Nisamehe, mwenye nyumba," alisema. "Nimekutia hasara. Lakini usiite fundi mwingine, mngoje binti yangu. Haya ya plastiki ananishinda mimi mbali. Sijapata kumwambia, maana atavimba kichwa."

Nesi alikuwa amesimama mlangoni, akainamisha uso. Neno hilo binti alilisubiri miaka ishirini na zaidi, na sasa limekuja, kapewa mtu mwingine. Alitaka kumwambia, Baba, ni mimi. Akaona atamwongezea aibu juu ya aibu.

"Nitamngoja, mzee," alisema.

Mzee akashukuru. Akakusanya vyombo vyake, patasi, nyundo, upawa, akavipanga mkobani, kisha akamnyooshea mkoba.

"Akifika umpe huu. Mimi basi."

Binti aliupokea kwa mikono miwili. Akaleta kiti, akamkalisha baba yake ukumbini, akarudi bafuni na kufunga mlango, akalia mpaka kifua kikamuuma. Huko nje alimsikia mzee akimuuliza nesi, kwa upole kabisa, kama binti yake bado hajafika.