Mabati Yaliyosomwa Kanisani

Watu wa Makambako wanasema nina hasira. Ndiyo, ninayo. Naandika ilikotoka, maana imeshasimuliwa vibaya sokoni na hata kwenye kwaya ya akina mama.

Binti yangu wa mwisho ni mhasibu. Hajaajiriwa na mtu. Ana chumba chake karibu na stendi, ana kompyuta, ana muhuri wenye jina lake, na wafanyabiashara wanampelekea hesabu zao. Muhuri ule si wa kuchongesha mtaani. Aliusomea, akafeli, akarudia, na mimi kule Njombe nikauza viazi na miti ya marehemu baba yake mpaka shamba likabaki visiki. Akiugonga juu ya uongo ananyang'anywa, na hapo kazi imekwisha. Hilo nalijua vizuri, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne.

Zamani kazi yake ilikuwa na msimu, kama mahindi. Halafu ikaja hii kodi mpya ya manunuzi. Ukinunua kitu dukani, juu ya bei kinawekwa kipande cha serikali. Mwenye duka anakipokea, anakitunza, mwisho wa mwezi anakipeleka. Mhasibu ndiye anaandika kimepokelewa kiasi gani na kugonga muhuri. Basi kila mwezi ukawa mavuno. Nikaitwa kuja kukaa na wajukuu, kwa sababu mama yao alikuwa anakula amesimama. Watu wanamletea risiti kwenye mifuko ya rambo, nyingine zimelowa, nyingine zinanuka dagaa, na muda umeshabaki wa kupepesa macho tu. "Dada, tupangiepangie hapo." Tupangie! Kwani anasuka nywele? Mtandao ukikwama anagombezwa yeye. Faini ikija, yeye. Bei ikipanda, wateja wanaambiwa ni wahasibu hao.

Mmoja wao anauza vifaa vya ujenzi. Simtaji. Tunasali naye kanisa moja. Mabati ya jiko langu nilinunua kwake, kodi ikiwa bado ngeni kwangu.

"Mbona bei imeruka hivi, baba?"

"Kamwene, mama yangu!" akanisalimia kwa lugha ya kwetu. "Siyo mimi, ni kodi. Mimi inapita tu mkononi."

"Basi isikwame humo mkononi."

Akacheka, na wapakiaji wake wakacheka. Nikalipa. Kwetu tukichinja, anatumwa mtu kupeleka fungu la nyama kwa shangazi. Hata awe na njaa ya kuanguka, haonji. Akionja hatumwi tena, na atakumbushwa kwenye kila shughuli mpaka azeeke. Kwa hiyo kodi hii sikuhitaji semina kuielewa.

Mwisho wa mwezi huo huo nilimpelekea binti yangu chakula ofisini, mvua ikanizuia kutoka. Mwenye duka akaingia, akajimwaga kwenye kiti, akaweka karatasi mezani.

"Dada, haya mabati hapa usiandike nimeuza. Andika nimetoa kanisani."

"Kanisa lipi, kaka?"

"Letu. La kwetu."

Binti yangu akamtazama. Kilichotolewa bure hakina kodi, kwa hiyo kipande cha serikali tulichomlipa kingebaki mkononi mwake. Kanisani kwetu hata yai halitolewi kimya. Linasomwa kwenye matangazo, jina la mtoaji linatajwa, kisha linapigwa mnada nje na watu wanagombea. Sasa huyu akaenda kuficha uongo wake mahali ambapo kila kitu kinasomwa kwa sauti.

"Kaka, juzi tumesomewa mpaka fungu la mchicha la mjane. Haya mabati yalisomwa lini?"

"Nilitoa kwa siri."

Nikashindwa kunyamaza. "Mabati? Uliyabeba kwenye mkoba?"

"Mama, haya ni mambo ya ofisini."

"Kodi ya jiko langu imo humo. Ni mambo ya jikoni."

Akanigeuzia mgongo. "Gonga, dada. Nikiondoka mimi, naondoka na mtaa mzima."

Ada za wajukuu wangu zilikuwa zinatoka kwenye mtaa huo, naye alijua. Binti yangu akauchukua muhuri, akautia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Ondoka nao, kaka."

Na kweli aliondoka nao. Ikasemwa binti yangu anakula na watu wa kodi. Watu wakatuma bodaboda kuchukua mifuko yao. Mwenye duka akapata mhasibu mwingine mbali huko, akamgongea na karatasi ikapelekwa. Muuza nyanya ninayemsalimia kila siku akaniuliza kama binti yangu atamchongea. Mwanangu akawa anakaa ofisini peke yake, amevaa sweta, anafuta meza iliyo safi.

Mwezi uliofuata, Jumapili, tukakuta fuso nje ya kanisa. Mabati mapya, yamefungwa kwa kamba. Nadhani alianza kuogopa kwamba siku moja kuna mtu atakuja kuuliza. Mzee wa kanisa akasoma jina lake. Vigelegele! Makofi! Yeye akasimama, akajiweka koti sawa.

"Piga makofi, mama, tunatazamwa," binti yangu akaninong'oneza.

"Watutazame."

Mzee wa kanisa akauliza kama kuna mwenye neno la shukrani. Nikasimama. Binti akanishika kitenge, nikakivuta.

"Tunashukuru kwa mabati," nikasema. "Yameletwa leo, na yamesomwa leo. Naomba katibu aandike tarehe ya leo, isije ikaandikwa ya mwezi uliopita."

Wenye maduka walielewa, niliwaona wakiinamisha vichwa. Katibu akaandika. Yule bwana akaketi, na koti likampanda mabegani.

Tulipofika nyumbani binti yangu akasema, "Mama, umeniongezea maadui." Nikamwambia avue viatu vya kanisani, ale.

Tangu hapo ndiyo nimekuwa bibi mwenye hasira. Lakini wiki ile ile muuza vitenge alirudi na mfuko wake, akasimama mlangoni kama mtoto aliyechelewa shule. Mwanangu akafungua droo. Mimi nikachungulia ndani ya mfuko, nikamwambia yule mama aingie akae, na siku nyingine risiti asizichanganye na dagaa.