Kiboko Alipita Kwetu Kabla ya Misa

Leo asubuhi mama mkwe wangu ameshika mavi ya kiboko kwa mkono, na mimi ndiye niliyempeleka pale.

Mvua zimeanza huku Kinindo, kando ya ziwa, majani ya nyuma ya nyumba yameota vizuri. Mama amekuja kututembelea kutoka Uvira, nikamwambia, "Twende nikuonyeshe ndege kabla ya misa."

Ndege walikuwepo, kweli.

Ila usiku kiboko alikuwa ametoka ziwani kula majani yetu. Na kiboko akinya hupiga mkia, mavi yanaruka mpaka ukutani.

Mama akashika ukuta huo huo ili akung'ute matope kwenye kiatu.

Akaangalia kiganja. Akakinusa. (Kwa nini ananusa, jamani?)

Nikaanza kuomba pardon.

"Apana, mutoto wangu," akasema. "Hii ni mbolea ya mboga zangu za lengalenga. Niletee mufuko."

Akajaza mfuko mzima. Tukaenda nao kanisani garini, vioo vimefungwa kwa ajili ya mvua.

Kunawa alinawa, ila harufu haikutoka.

Padri alipompa mkono mlangoni, nilinyamaza.

Nyinyi mungesema?