Bibi Mkorea Aliyeninyang'anya Samaki

Iko siku moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka mwili bado hunisisimka. Na kwa kuwa nasikia unafunga mizigo uende nchi za watu, kaa kidogo nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, sabuni na vitenge vilipoanza kuonekana tena madukani hapa Kyela, vitu ambavyo kabla ya hapo tulivuka mto Songwe kuvifuata Malawi. Mimi sikuvifaidi. Mume wangu alipata nafasi ya kusoma Marekani, nami nikamfuata na mimba yangu ya kwanza. Nikatoka Bujonde kwenye mpunga na migomba, nikaingia mji wa baridi ambako sikuwa na wa kumsalimia hata "ugonile" asubuhi.

Chakula chao sikisemi vibaya, ila kilinikataa. Wali wa kule haunukii; ukipikwa, hata aliye chumba cha pili hajui. Nikakonda, mimba nayo inakua. Mume wangu akaniambia kuna duka la Wakorea mtaani kwetu, huenda nikaona kitu cha kutamani.

Nilipofungua mlango nilipigwa na harufu ya usipa. Usipa, mwanangu, dagaa wa ziwa letu, hapo ng'ambo ya dunia! Nilisimama nikidhani ni mimba inanichezea akili. Kumbe na wao wana dagaa wao wa baharini, wamekaushwa, wamejaa rafu nzima. Nikawa nawashika tu na kuwanusa.

Ndipo nikagundua kwamba nafuatwa. Alikuwa bibi mfupi mwenye mvi, amevaa aproni. Nikienda kwenye mchele, yuko nyuma yangu. Nikigeukia kabichi, yuko nyuma yangu. Weusi wenzetu wa mtaa ule walikuwa wameshaniambia kwamba kwenye maduka mengi wanafuatwa hivyo hivyo kama wezi, lakini jambo ukiambiwa si sawa na likikufika. Nililipia dagaa wangu, nikatoka macho yakiniwaka. Niliapa sirudi.

Lakini tumbo la mjamzito haliheshimu kiapo. Dagaa walipokwisha nikarudi, na bibi yule akanifuata tena. Safari hii alinitazama zaidi miguuni kuliko mikononi, nikaona ananidharau kwa ndara nilizovaa, maana viatu vilikuwa vimekataa kuingia. Nikachukua mfuko mkubwa kabisa wa dagaa wa chumvi. Bibi akanisogelea, akaninyang'anya, akaurudisha kwenye rafu.

Wewe umelelewa huku, unajua kwamba kitu hupokewa kwa mikono miwili na goti likikunjwa. Kunyakuliwa kitu mkononi, tena na mtu mzima, mbele za watu! Maneno niliyomtolea kwa Kinyakyusa sitayarudia hapa.

Alipiga magoti. Mwanamke mwenye umri wa mama yangu, mwanangu, alipiga magoti mbele yangu kwenye sakafu ya duka lake, akanishika mguu, akabonyeza kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo likabaki palepale. Tukalitazama wote wawili. Mimi nilikuwa naona uvimbe ule kila siku na nilijiambia ni dalili ya mtoto wa kiume, kama walivyosema wanawake wa kwetu.

Bibi akamwita binti yake aliyekuwa akipokea malipo, maana yeye Kiingereza hakukijua, na changu nacho kilikuwa cha kuokoteza. Binti akaniuliza polepole kama kichwa kinaniuma. Nikasema kinauma. Akauliza kama naona vimulimuli machoni. Hapo nikamkazia macho, kwa sababu vimulimuli vile sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Alikuwa kwenye mitihani, sikutaka kumsumbua, na kliniki peke yangu niliogopa.

Binti akasema, "Siku ya kwanza mama alikufuata kwa sababu alikuogopa. Tumeshaibiwa hapa. Leo amekufuata kwa ajili ya miguu yako, na chumvi ya dagaa wale ingekuzidishia. Dada yangu alivimba hivi hivi, na hatuko naye tena. Twende hospitali."

Walifunga duka mchana kweupe, wateja wakiwa mlangoni. Wakanipakia kwenye gari lao la mizigo, bibi amenishika mkono njia nzima. Hospitali walipopima presha hawakuniruhusu hata kusimama. Daktari alisema ningelala nyumbani usiku ule, kifafa cha mimba kingenikuta kitandani. Wakanipasua, wakamtoa mtoto mdogo hata niliogopa kumshika. Ndiye Tusajigwe, shangazi yako huyu anayetufokea sote kwenye kwaya.

Bibi alikuja kuniona na supu ya majani ya baharini, yenye utelezi kama mlenda. Kwao mzazi lazima ainywe. Nilipoimaliza, akasema neno refu kwa sauti kali, na binti yake akanitafsiria: "Mama anasema, binti yake naye alinyamaza ili asisumbue watu. Usifanye hivyo tena." Nilimjibu "ndaga fijo", yaani asante sana, sikuwa na lugha nyingine ya kutosha. Akaielewa, naye akainama.

Basi, mwanangu, wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huko uendako usimfiche mtu maumivu yako kwa kuona haya ya ugeni. Sema, hata kwa lugha mbovu. Kuhusu watu wa huko, sikudanganyi: siku ya kwanza bibi yule alinikosea, na kosa silipaki rangi. Lakini mtu hamalizwi kwa siku moja. Anayekuogopa leo, kesho anaweza kukupigia magoti akuokoe, ukimpa nafasi ya kukujua, nawe ukajipa nafasi ya kumjua. Jirani wa karibu hushinda ndugu wa mbali, hata kama jina lake huwezi kulitamka.

Haya, nenda. Kyala, Mungu wetu, akutangulie njiani, akuweke machoni pa watu wenye huruma, na siku utakapoumwa akupe kinywa cha kusema. Urudi kwetu mzima, na wanao mgongoni.