Mpaka Nyumba ya Ipuli Iwe Yetu

Kwa miaka mingi baba yangu mzazi hakula wala kunywa chochote nyumbani kwangu. Si kwamba tuligombana. Alikuwa anakuja, tena kila Ijumaa baada ya sala, anaendesha baiskeli yake kutoka kwake Ng'ambo mpaka kwetu Ipuli, anakaa sebuleni, anawauliza watoto masomo, anamtania mume wangu. Lakini ukimletea chai anatabasamu tu na kusema, "Mwanangu, unajua." Kweli nilikuwa najua. Kujua hakukunizuia kuumia, nisiwe mwongo.

Sababu ni mkopo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pale Ng'ambo. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Lusu, mtu wa maneno machache. Tulinunua boma Ipuli, kuta tupu zisizo na paa wala madirisha, tukakopa benki kwa miaka kumi na miwili ili tuliezeke na kulimalizia. Mkopo una riba, na baba yangu na riba ni paka na panya. Nyumba ilipokwisha alizunguka vyumba vyote, akagonga bati la kibaraza, maana yeye ni fundi bati na hawezi kulipita bati bila kuligonga, kisha akasema, "Nyumba nzuri. Siku itakapokuwa yenu kweli, nitakuja kula." Basi. Hakufoka, hakunihubiria. Afadhali angefoka, kelele ningezijibu.

Chuki yake kwa riba ni ya urithi. Babu yake alikuwa mpagazi katika njia ya misafara, enzi za watu kutembea kutoka hapa mpaka pwani na mizigo begani. Alikopa nguo kwa tajiri mmoja ili aoe, akaenda pwani kubeba mzigo alipe, akarudi akakuta deni limezaa. Akaenda tena, likazaa tena. Safari ya tatu alirudi hana meno ya mbele na bega moja limelala, ndipo akaachiwa. Baba huisimulia habari hiyo kwa hasira mpya kila mara, na yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Sasa mji wetu nao una macho. Mzee haonji hata maji kwa binti yake? Mashoga zangu pale dukani hawakuniacha nipumue. "Shoga, mzee umemfanya nini?" Nikawa nawaambia mzee ana vidonda vya tumbo, na wao wanajua anakula pilau la maulidi mpaka ukoko. Nilichofanya ni kwenda kwake kila Jumapili, napika jikoni kwake, kwa unga wake na mkaa wake. Hapo anakula, anasifu, anaomba kingine. Kumbe tatizo halikuwa mkono wangu, ni sufuria yangu.

Na kichekesho ni kwamba baba mwenyewe alikuwa na hela benki. Aliuza kiwanja cha urithi, akaogopa wezi, akazipeleka benki zikafungiwe. Wakamwekea kwenye akaunti ya muda maalumu, na baada ya miezi mitatu wakampa karatasi inayoonyesha zimeongezeka. Loo! Nusura amtupie binti wa dirishani pale benki karatasi yake usoni. Shehe wa msikitini kwetu akamshauri asiile ile nyongeza wala asiwaachie benki, aitumie kwenye jambo la watu wote bila kutarajia thawabu. Baba akachagua vyoo vya soko. Kila miezi mitatu anaitoa faida yote: saruji, dawa ya kusafishia, na mshahara wa mama anayevifagia. Mtaani wakamwita Mzee wa Vyoo. Nami nilimtania, "Baba, hakika hela za riba zinanuka," naye anacheka mpaka anakohoa.

Mkopo wetu ulikuwa umefika mwaka wa saba tuliposikia kwenye taarifa ya habari kwamba Benki Kuu imeshusha riba yake, na mabenki nayo yanaanza kushusha ya mikopo. Niliruka! Mimi nilidhani riba ni kama bei ya sukari, kwamba ikishuka imeshuka kwa kila mtu anayeingia dukani. Wiki ile ile nikaenda kuchukua cherehani ya pili, ya umeme, kwa malipo ya kidogo kidogo, nikipigia hesabu ile nafuu ya mkopo. Nikawatangazia na mashoga. Mume wangu akaniuliza, "Barua ya benki umeiona?" Nikamwambia aache uoga wa kijijini.

Mwisho wa mwezi ukafika, na makato kwenye mshahara wake yakawa yale yale, hata shilingi haikupungua. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwenye cherehani akaja dukani kudai chake mbele ya wateja. Nilimlipa kwa hela ya ada ya mtoto wa pili. Mume wangu hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake nikauchukua mkataba, nikajifunga mtandio wangu mzuri, nikaenda benki. Afisa mikopo alikuwa kijana mpole, shikamoo mama, karibu mama, kaa mama. Akausoma mkataba, akaniambia, "Mama, riba mpya ni za wateja wapya. Yenu ilishaandikwa humu, haishuki yenyewe."

"Kwa hiyo mteja wa zamani ni wa kukomolewa?"

"Si hivyo, mama."

"Ni vipi? Miaka saba hatujachelewa hata siku moja. Anayekuja leo, humjui hakujui, unampa bei nafuu. Mimi ninayekulisha unanipa bei ya zamani. Ebu nieleze taratibu, mimi ni mshonaji tu."

Watu kwenye foleni wakaanza kugeuka. Kijana akashusha sauti, akanieleza kwamba ipo njia: tuandike barua kuomba riba ipitiwe upya, na kama tuna benki nyingine iliyo tayari kuununua mkopo wetu, tuambatanishe barua yao. Alikuwa na roho nzuri, Mungu amlipe, maana hakulazimika kuniambia hilo la pili. Nilivuka barabara siku ile ile nikaingia benki nyingine. Wao wakafurahi kunipokea, wakaniandikia riba yao kwenye karatasi yenye muhuri. Nilihesabu gharama za kuhama, za mthamini na za mwanasheria, nikaona zingetafuna nafuu ya karibu mwaka mzima. Sikukusudia kuhama. Nilikusudia waone kwamba naweza kuhama.

Ilichukua wiki sita na safari nne. Ya mwisho nilikwenda na mume wangu, na yule kijana akatupokea anacheka. Riba yetu imeshushwa. Nilitaka kupiga kigelegele pale pale, mume wangu akanikanyaga mguu. Kisha kijana akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mnapenda nini? Rejesho la kila mwezi lipungue, au libaki lile lile na muda upungue?" Akatupigia hesabu. Tukipunguza rejesho, tungebakiwa na hela nzuri kila mwezi kwa miaka mitano iliyosalia. Tukiliacha lilivyo, miaka mitano ingekuwa minne na miezi mitatu, na kila tutakachoongeza juu yake kingekata miezi mingine.

"Rejesho lipungue," akasema mume wangu.

"Muda upungue," nikasema mimi.

Tukaomba siku mbili za kufikiri, tukaenda kugombana nyumbani.

Nimtendee haki, alikuwa na hoja. Ada ya mtoto wa pili nilikuwa nimeila mimi kwa ujinga wangu. Mama yake kule Lusu alihitaji mbolea. Tulikuwa tunakula nyama mara moja kwa wiki, na viatu vyake vya kufundishia nilikuwa nimevishona soli mara mbili kwa uzi wa sare. "Tumebanwa miaka saba," alisema. "Mlango umefunguka kidogo, wewe unataka tuendelee kukaa ndani." Nikamwambia, baba yangu ni mzee, umri wake hautusubiri. Akanijibu kwamba kutokula ni uamuzi wa mzee mwenyewe, na watoto wetu hawawezi kukosa viatu kwa ajili ya uamuzi wa mtu mzima. Nilimchukia usiku ule, wallahi, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Asubuhi yake baba akaanguka. Kifua. Tukamkimbiza hospitali, akalazwa siku nne. Siku ile ya kwanza mimi nilibaki wodini, mume wangu akarudi nyumbani, akapika uji wa ulezi kwa mikono yake, mwalimu mzima, akaweka maziwa na siagi kidogo, akauleta kwenye chupa. Baba alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Akamshika mkwewe mkono, midomo imemkauka, akamwambia polepole, "Nisamehe, baba. Umefanya wema mkubwa. Nisamehe." Hakuugusa. Ikabidi nikimbie Ng'ambo kupika mwingine kwa unga wake.

Mume wangu aliurudisha uji Ipuli, akauweka mezani. Nilipoingia jioni nilijiandaa kwa maneno makali, kwamba mzee ana kiburi, kwamba ametudhalilisha. Hakusema hilo. Alisema, "Yule akifa kabla hatujamaliza, hutanisamehe." Nikamwambia kweli, sitakusamehe. "Basi muda upungue," akasema, akaenda kuoga.

Tukaingia miaka ya kubana mkanda kwa hiari. Ile nafuu ya riba hatukuiona kwa macho wala kuionja. Iliingia yote kwenye deni. Januari, msimu wa sare, nilikuwa nashona mpaka vidole vinavimba, na kila nilichopata juu ya mahitaji nakipeleka benki, namwambia yule kijana, "Nikatie miezi." Tulitaniana hivyo mpaka akahamishiwa mkoa mwingine. Ada tuliilipa kwa awamu. Mama mkwe nilimpelekea mbolea nusu na maneno matamu mengi, naye akasema maneno hayaoteshi mahindi. Viatu vya mwalimu nilivishona mara ya tatu.

Upande wa baba mambo yalikwenda kinyume, maana riba ikishuka kwa anayekopa inashuka na kwa anayeweka. Kila akaunti yake ilipofika muda wa kuanza upya, benki walimwekea kiwango cha chini zaidi, mpaka faida ikawa haitoshi mshahara wa yule mama wa vyoo. Kumfukuza hakutaka. Kuongezea kwa hela ya kiwanja hakutaka pia, ile alikuwa ameiwekea mazishi yake na ya dada yake. Basi akarudi kwenye nyundo ili afidie pengo, mzee yule na kifua kile. Nikipita Ng'ambo namkuta amekaa kibarazani anapiga majiko na makarai, jasho linamtiririka. Nilimwonea huruma nikakasirika. "Baba, si uwaachie manispaa vyoo vyao?" Akasema, "Riba yangu imepungua, mwanangu. Kuna ubaya gani hapo?" Na akaendelea kugonga.

Tulimaliza deni mwezi wa nne mwaka huu. Benki wakatupa hati ya nyumba na barua ya kuthibitisha kwamba hawatudai. Sikumpigia simu baba. Nilipanda bodaboda mpaka Ng'ambo, shikamoo baba, marahaba, nikampa barua mkononi. Akatafuta miwani, akaisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia. "Ijumaa," akasema.

Ijumaa alikuja na bodaboda, baiskeli imemshinda siku hizi. Nilikuwa nimepika wali, kuku wa kienyeji na kisamvu cha karanga, na kuku nilimchemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa kwa sababu ya meno yake. Akanawa, akasema bismillahi, akala. Mume wangu alikuwa anatazama sahani yake, watoto wananitazama mimi.

Katikati ya kula baba akaweka tonge chini, akasema, "Nilikuwa naomba ishuke."

"Nini, baba?"

"Riba. Hiyo yenu." Akafuta mkono. "Kila nikienda kuichukua ile hela ya vyoo namuuliza yule binti wa dirishani, ya wanaokopa imeshuka? Ananiambia, imeshuka mzee, lakini na yako imeshuka. Namwambia yangu niachie mwenyewe. Kisha narudi nyumbani nasali. Sikuomba deni lifutwe, nisionekane nina tamaa. Niliomba ishuke tu. Nilisema, Mola wangu, mimi ni mzee, ishushe haraka."

Nikakumbuka ile nyundo, na jasho, na mimi nimesimama pale kibarazani namhurumia kwa hasara ambayo aliiomba mwenyewe kwenye mkeka wa sala, kwa ajili yangu. Nililia mbele ya watoto, kilio cha sauti, sikuona haya. Baba akanipa sahani yake, akasema nisilie, nimwongezee mchuzi.