Mama Tanuri na Maua ya Mkwewe

Ukimwona Mama Tanuri akipita, unga nyusini na shingo imenyooka kama kabeba mtungi, unajua huyu haambiliki. Kazi yake ilikuwa kuchoma mikate, tangu mumewe yu hai hadi akabaki mjane. Anatoka nyumbani giza bado zito, anarudi jua limepinda. Mwenzake wa zamu alipojifungua, akamshikia zamu hata siku zake mwenyewe za mapumziko. Asubuhi ya nyumbani kwake akaisahau inafananaje.

Mama mkwe wake, kabla hajafumba macho, alimtia kiganjani mbegu nyeusi za mtambaazi wa mwitu. "Mwanangu, kiwanja changu washakijenga. Zimebaki hizi tu. Zisifie kwako." Akamfundisha: ngozi ya mbegu hii ngumu kama kokoto, basi isugue sakafuni mpaka ikwaruzike, ilaze majini usiku kucha, na mtu asiitafune maana ni sumu. Panda palepale itakapokaa, haipendi kuhamishwa. Ipe jua na kamba ya kupandia. Mbolea usiipe.

Akazipanda zote, ikaota moja tu. Alishika yote aliyofundishwa ila la mwisho. Kitu gani hicho kisichopenda kula? Akamwaga samadi. Mtambaazi ukanenepa majani, ukafunika ukuta kati yake na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Ua hata la dawa hakuna. Akaacha samadi, akangoja. Mwisho, kila akirudi kazini akawa anakuta vitu vimejisokota kama vitambaa vilivyokamuliwa, ukivigusa vinaanguka. "Matumba yanaoza kabla hayajafunguka," akajiambia, roho ikamuuma.

Jioni moja wifi akachungulia juu ya ukuta. "Wifi, hongera! Maua ya mama leo yamenipa raha."

"Raha? Kamcheke mumeo!"

"He! Nakusifu, wanitukana?"

"Sifa zako nazijua. Tangu harusini ulisema mikono yangu inajua unga tu."

"Na kweli inajua unga tu!"

Milango ikabamizwa pande zote mbili. Salamu ikafa.

Kuchekwa kukamkaa kooni. Alasiri moja akachukua kisu cha mikate, akakata shina karibu na ardhi. "Kama ni kufa, ufe mara moja." Akaliacha lining'inie, akaenda kulala.

Alfajiri akafika kazini, akakuta tanuri limepasuka, wote wakarudishwa makwao. Jua ndio kwanza linachomoza alipokunja kona ya nyumbani, akasimama ghafla.

Ukuta mzima ulikuwa buluu! Maua yamejiachia wazi kama faneli, koo zao nyeupe, nyuki wanaingia na kutoka. Mengine yamelegea shingo, lakini yamefunguka. Kikapu kikamponyoka.

"Mungu wangu! Nimefanya nini mimi!"

Wifi akatoka mbio na ufagio. "Nani kafa?"

"Haya... yamefunguka lini?"

"Lini tena? Kila siku! Kukipambazuka yanafunguka, jua likipanda yanajikunja, ndio mwisho wake. Kwani hujui?"

"Asubuhi mimi huwa nipo hapa?"

Wifi akafungua mdomo acheke. Kisha akafuata macho ya mwenzake mpaka chini, akaliona shina. Kicheko kikamkaukia.

"Wifi. Umemuua mama mara ya pili."

Mama Tanuri, ambaye hata siku ya kumzika mume hakuna aliyemwona akiyumba, aliketi vumbini puu. "Nilidhani unanicheka."

"Nikucheke kwa maua ya mama yangu?"

Wifi akashika jani, akaligeuza, akaligeuza tena. "Hili si kama la viazi vitamu? Marando ya viazi yanapandwaje?"

"Unakata kipande chenye vifundo... unakifukia..."

"Basi inuka, mwanamke! Jua linapanda!"

Wakakata vipande, wakavipukutisha majani na maua, wakafukia vifundo kwenye udongo mbichi pande zote mbili za ukuta, wakavitilia kivuli cha gunia.

Karibu vyote vilioza. Kimoja, upande wa wifi, kikachipua. Mama Tanuri alipoitwa alikataa kuamini, akaenda kuona mwenyewe. Akachuchumaa mbele ya jani dogo kuliko ukucha, kiganja mdomoni.

"Usiliguse," wifi akasema.

Hakuligusa.